Cheti cha Upole

"Mzee Akli, wewe hukasirika upesi?" daktari aliuliza bila kuinua uso.

"Nimengoja bunduki yangu miaka ishirini na saba, mwanangu. Hiyo nayo ni upesi?"

Daktari akacheka, akagonga mhuri: akili timamu, mtu mpole. Akli alishukuru huku ameuma meno. Sheria mpya ilitaka kila mwenye bunduki apimwe akili kabla ya kupewa leseni, naye alikuwa mtii, na balaa lake ndilo hilo. Miaka ile ya mauaji, askari walipopita vijiji vya milima ya Kabylia wakikusanya bunduki za kuwindia zisiangukie mikononi mwa waasi, jirani yake Mohand aliifukia yake chini ya mtini. Akli yake aliipeleka kwa mkono wake mwenyewe. Waliambiwa zitakaa miezi mitatu tu. Basi akaipaka mafuta ya zeituni ya shambani kwake, maana kwao hakuna kisichotibiwa na mafuta hayo, akaifunga kwa kitambaa cha kichwa cha mkewe, akapewa stakabadhi.

Tangu hapo nguruwe mwitu wamezaana bila wa kuwagusa. Mwaka huu walifukua viazi vyote vya mteremko wa juu. Ulibaki wa chini, chakula cha majira ya baridi, na kila alfajiri Tasadit, mkewe, aliwafukuza kwa kupiga sufuria. Shamba la Mohand halikuguswa, wala hakuna aliyeuliza kwa nini.

Kituoni kwa askari, karani alifungua kile kitambaa, akajaribu kuikunja bunduki pale inapotiwa risasi. Haikukunjika.

"Nani aliipaka mafuta ya kula?"

"Mimi. Mlisema miezi mitatu."

"Yamekuwa gundi, mzee, na kutu imeshakula ndani. Sheria mpya haitoi leseni kwa bunduki mbovu. Hii inakwenda kusagwa. Tia sahihi hapa."

"Nipe niipeleke kwa fundi."

"Huna leseni, huwezi kuishika."

"Basi nipe leseni."

"Kwa bunduki ipi?"

Akli alitamani kuipindua ile meza. Aliwachukia watu wa serikali, na akauchukia zaidi utii wake mwenyewe. Alitia sahihi, akachukua kitambaa cha mkewe, akaondoka.

"Iko wapi?" Tasadit alimuuliza mlangoni.

"Nimepewa karatasi. Serikali inasema mimi ni mpole."

"Si wangeniuliza mimi."

Alfajiri nguruwe walishuka mteremko wa chini. Akli alimpokonya mkewe sufuria, akaipiga kwa nyundo, akiwatukana nguruwe, askari, daktari na mizeituni yake mwenyewe. Nguruwe walikimbia, naye hakuacha.

"Baba watoto, wameshakwenda," Tasadit alimwambia. "Acha sasa."

Aliendelea kupiga mpaka kitako cha sufuria kikatoboka. Alfajiri iliyofuata nguruwe walirudi, na hapakuwa na hata sufuria ya kupiga.