Maswali kwa Pacha wa Pili

Fundi wa kuchomelea mageti hakuwa mtu wa kukaa. Ndani ya chumba cha muuguzi alikwisha kuinuka mara tatu, akafungua dirisha, akalifunga, akakagua bawaba za mlango.

"Aliyechomelea hizi alifanya bora liende," alilalamika.

Pacha wake, mshona nguo, alikuwa ametulia kitini, na utulivu huo ndio uliowaleta pale. Mwezi mzima cherehani yake ilikuwa imefunikwa, naye alikuwa akilia bila kujua anachokililia. Asubuhi hiyo kaka yake alimburura, akitaka asitake.

"Ni sonona," muuguzi alisema. "Kwenu kuna mwingine aliyewahi kuugua hivi?"

Fundi akamjibia dada yake. "Mama. Bibi. Mama mdogo. Ni ugonjwa wa wanawake wetu huo. Sisi wanaume umeturuka."

"Na baba?"

"Baba? Simba yule! Haongei na mtu, halali, ukimgusa anawaka. Mchapakazi tu."

Hapo ndipo ukoo mzima ulipokosea hesabu, tena kwa vizazi. Aliyelia aliitwa mgonjwa. Aliyevunja viti alipewa sifa, na watoto wakafundishwa kumpisha njia.

Muuguzi alieleza polepole kwamba sonona huweza kufuata damu, na kwa wanawake damu huonekana kuchangia zaidi kidogo. Lakini wanaume hawakusamehewa. Kwao mara nyingi huja na hasira, pombe, au kazi isiyo na kupumzika.

"Nanyi ni pacha," akasema. "Kaka, nikuulize na wewe maswali haya niliyomuuliza dada?"

"Mimi? Mimi mzima kama chuma!" Akacheka peke yake. Alikuwa ameogopa, na aliona haya kuogopa karatasi ya maswali.

"Kaa, mwenzangu," dada yake alisema. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sitaki kuzika pacha."

Akakaa, mguu ukitikisa meza. Usingizi? Masaa matatu. Kula? Akikumbushwa. Alijibu harakaharaka, kama mtu anayechelewa kazini.

Muuguzi akafika kwenye swali la mwisho, lile ambalo dada mtu alikuwa amelijibu hapana bila kusita.

"Umewahi kutamani usiamke asubuhi?"

Mguu ukatulia. Fundi akamtazama dada yake, kisha akatazama sakafu.

"Unauliza mara ngapi kwa wiki," alisema, "au kwa siku?"