Mama Mkwe na Santuri ya Majonzi

Kinyozi mmoja, ambaye wateja wake walimbandika jina la Masikio, alikuwa na ugonjwa wa santuri. Si za kwaya wala za bendi. Yeye alipenda muziki wa elektroniki, ule wa mitambo na nyaya, wa zamani na wa juzi, na santuri zake zilijaa rafu nzima sebuleni. Kila Jumapili alasiri marafiki zake wawili, fundi friji na mwalimu wa hesabu, walikuja kusikiliza. Walikaa kimya, macho wamefumba, kama watu wanaosubiri kung'olewa meno.

Santuri waliyoiheshimu kuliko zote ilikuwa moja kuukuu, ya jalada la kijivu. Mdundo wake ulijikokota, na juu yake sauti nzito iliguna kama ng'ombe anayeumwa tumbo. Masikio aliiita Majonzi. Mwalimu aliwahi kuipiga kwenye sherehe ya kumuaga mkuu wa shule, na mkuu akalia hadi akakataa kustaafu.

Ndipo mama mkwe wa Masikio akaja kumtembelea yeye na mkewe.

"Baba," alimwuliza mkwewe siku ya kwanza, Majonzi ikiguna, "friji yenu inaumwa?"

"Hapana, mama. Ni muziki."

"Alaa! Na aliyeupiga, alipona?"

Mke wa Masikio akakimbilia jikoni kucheka. Masikio akajifanya anapanga santuri rafuni. Mama mkwe hajibiwi hovyo.

Jumapili ilipofika, mama mkwe, ambaye kukaa bure hakujui, alishika kitambaa akafuta vumbi sebule nzima, pleya ya santuri ikiwemo. Alisugua kila kitufe na kila swichi. Wageni walipoketi, Masikio alisimama mbele yao kama mhubiri.

"Tunaanza na Majonzi. Halafu nina mpya, imetoka mwaka huu."

Akateremsha sindano. Wakafumba macho.

Spika zikalipuka! Kinanda kiliruka kama mbuzi aliyekata kamba, na yule ng'ombe wa tumbo akageuka mwanamke wa sauti nyororo, akihimiza watu wanyanyue mikono juu.

"Imepandwa na mashetani!" mwalimu alipiga kelele.

Fundi friji akainamia pleya. "Swichi ya kasi imesogezwa, iko mizunguko arobaini na tano kwa dakika. Sisi huwa tunaweka thelathini na tatu." Akainyanyua santuri, akabandua kwa ukucha stika ya bei iliyoganda katikati. Chini yake palikuwa pamechapwa kasi yake halisi: 45.

"Miaka yote hii," Masikio alisema, "tunalilia wimbo wa disko."

"Na mkuu wa shule!" Mwalimu alijishika kichwa. "Bado yuko ofisini, jamani!"

"Hebu rudisheni," alisema mama mkwe kutoka mlangoni, kitambaa begani. "Leo ndiyo mmeitengeneza."

Wakairudisha. Mama mkwe akaingia kati akizungusha kiuno, fundi friji akamfuata. Miguu ya Masikio ilimwasha, lakini acheze mbele ya mama mkwe, uso atauficha wapi? Akajipenyeza nyuma ya pazia, akajitikisa huko mpaka pete zote za pazia zikalia.

"Toka huko, mkwe wangu. Utaliangusha pazia la mwanangu."

Akatoka, akacheza akitazama sakafu.

Kisha ikaja zamu ya santuri mpya. Fundi friji aliikagua mara mbili: thelathini na tatu, hakika. Hii ilikuwa ya polepole kweli. Mvumo wa chini, kimya kirefu, kisha mlio kama tone la maji kwenye ndoo. Masikio akajiandaa kusimangwa. Mama mkwe aliketi, akainamisha kichwa.

"Hii haijaharibika," alisema. "Imetulia tu. Nimeipenda."

Masikio alivimba kifua, akafumba macho kwa raha. Katikati ikaingia sauti nyingine, nzito, ya kukwaruza, ikipanda na kushuka.

"Sikieni besi hiyo," mwalimu alinong'ona. "Huyu mtunzi ni hatari!"

Masikio akafumbua jicho moja. Mama mkwe alikuwa amelala, kichwa nyuma, akikoroma sawasawa na mdundo. Masikio akamwashiria fundi friji apunguze spika kidogo, ili mama asikike vizuri.