O Yenye Kona Sita

Mama Godelive alikuwa amepiga magoti kaburini, aking'oa majani na kuongea na marehemu mumewe. Carelle, aliyekuja kupiga picha, alisimama ghafla. Kaburi lile halikuwa la Obedi.

La Obedi lilikuwa lile la pembeni yake, limemezwa na majani mpaka kwenye mikono ya msalaba. Carelle ndiye aliyeuandika msalaba huo, Godelive akiwa bado amelazwa hospitalini Lilongwe. Alitumia herufi alizobuni mwenyewe kwenye kompyuta: mistari minyoofu, kona kali, hata O ilikuwa na kona sita. Aliziita Kesho. Picha ya msalaba ndiyo iliyomletea kazi mjini: duka la simu mtaa wa Area 49, kinyozi wa Kauma, fulana za wanamuziki. Wote walisema herufi hizo zinafanana na maandishi ya chombo cha angani. Hakuna aliyeuliza kama zinasomeka.

"Karibu, mutoto yangu," Godelive alisema. "Niko namwambia Obedi mvua imeangusha ukuta ya jikoni."

"Mama, ulijuaje ni hapa?"

"Si hii O?" Akaigusa msalabani kwa kidole chenye udongo. "Mi sikusomaka. Obedi alinifundishaka herufi moja tu, ya jina yake. Ya muviringo, kama sahani."

Carelle angeweza kunyamaza. Simu ilikuwa nzito mkononi, akaitia mfukoni.

"Mama, unisamehe. Hapa njo Odette analala. Baba Obedi iko hapa pembeni. Ni mi niliharibu O yake."

Godelive aliyatenga majani, akaitazama ile herufi.

"Hii? Mi nilizani ni alama ya seremala." Kisha akashika kiuno. "Odette! Mwanamuke! Na mi namupa siri zote za nyumba yangu!"

Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kicheko kiliisha, machozi hayakuisha.

Carelle alikimbia nyumbani kuchukua rangi na brashi. Aliporudi, alimkuta mama bado anapalilia kaburi la Odette.

"Namaliza kwanza," alisema bila kugeuka. "Huyu alinisikilizaka."

Carelle akafunika kona sita kwa rangi nyeupe, akangoja ikauke, akachora O mpya kwa nyeusi. Mkono wake ulizoea mistari minyoofu. Mviringo ukaegemea upande.

Godelive hakungoja rangi ikauke. Akaweka kidole juu ya O, akaizunguka taratibu, akapita pale alipoanzia, akaendelea.