Mara Saba Bila Kuomba

Kaka yangu Wilf alitaka jambo moja tu kabla hajafa: abebwe mabegani hadi kanisani kwa Njia ya Wabebaji, kama alivyobebwa baba yetu, na babu yetu kabla yake. Gari jeusi la mazishi hakulitaka. Alikuwa amekamua ng'ombe kwa miaka arobaini, na alisema gari lile lilimkumbusha lori la mchinjaji lilipokuja kuchukua ndama.

Njia hiyo inaanzia nyuma ya nyumba zetu za Nether Sallow, inakata malisho ya Jumba, nyumba kubwa ya mwenye ardhi, inavuka kijito juu ya ubao, kisha inapanda hadi ukuta wa makaburi. Ni dakika kumi na mbili kwa miguu yenye mzigo. Kwa barabara ni maili mbili na nusu. Mwaka 1985 Jumba lilinunuliwa na Bwana Crayle, mtu wa mjini mwenye farasi wengi na buti safi. Hakumaliza mwezi kabla ya kutia geti la chuma na kufuli, na kuziba kila upenyo wa ua kwa seng'enge. Tulilalamika, na Novemba ya mwaka uliofuata likaitishwa baraza la uchunguzi katika ukumbi wa kijiji.

Sheria yetu kuhusu njia ni rahisi kueleza. Watu wakipita katika ardhi ya mtu kwa miaka ishirini mfululizo, waziwazi, bila kuvunja kitu na bila kuomba ruhusa, njia ni yao, na itabaki yao hata wakiacha kuipita. Wakiomba, wamekiri kwamba si yao.

Na sisi ni watu wa kuomba na kushukuru. Hapo ndipo tulipojichimbia shimo. Tangu mwaka 1952 umoja wa akina mama ulikuwa ukimpelekea mjane wa Kanali Denholm, bibi wa Jumba, kadi kila Krismasi pamoja na chupa ya jamu ya machungwa, "kwa shukrani ya kuturuhusu kupita malishoni kwako". Hakuna aliyewahi kumwomba ruhusa bibi yule, wala yeye hakuwahi kuitoa. Iliandikwa hivyo kwa sababu ilisikika vizuri. Bibi alizitunza kadi zote ndani ya sanduku la viatu, na Crayle akalikuta sanduku hilo kabatini.

Kwa hiyo miaka yote ya baada ya 1952 ilikuwa imetufia mkononi. Ilibaki ile ya kabla yake, na waliokuwa na umri wa kuikumbuka tulibaki wawili: Wilf, ambaye mapafu yake hayakumruhusu tena kutoka kitandani, na mimi.

Siku moja kabla ya baraza nilimpelekea chai.

"Wamekupanga wa ngapi?" akauliza.

"Wa mwisho."

"Safi. Vaa ile tai yako ya shule. Yule mama wakili wa Crayle atadhani kaitwa ofisini kwa mkuu wa shule."

"Wilf, wataniuliza kama niliwahi kuomba."

Akaweka kikombe chini. Alijua nilichokuwa nakisema. "Edwin, ulikuwa na miaka kumi na moja."

"Niliomba."

"Kanali kafa. Baba kafa. Aliyebaki kujua ni mimi, na mimi niko njiani. Sema hukuwahi, yaishe."

"Nitakuwa nimeapa."

"Utakuwa umenizika kwa lori la ndama, ndivyo utakavyokuwa." Akakohoa kwa muda mrefu, akakataa nimshike. "Walikupeleka kule wakufundishe Kilatini, wakakurudisha ukuta. Mtu hawezi hata kukuegemea."

"Ukuta ndio unaoegemewa, kaka."

"Si huu. Huu una baridi."

Shule ile ya bweni ilinichukua kwa ufadhili, mtoto wa fundi wa magurudumu ya mikokoteni, nao walinicheka lafudhi kwa miaka miwili. Sikulalamika wakati ule na silalamiki sasa. Ilikuwa na kanuni moja ambayo sijaiona ikifuatwa mahali pengine popote: mtu hakuulizwa jambo mara mbili. Jibu lake la kwanza lilikubaliwa, na aliyelitumia kudanganya hakuaminiwa tena hadi siku ya kuondoka. Wanaoidhihaki shule hiyo leo hawajawahi kuishi mahali ambapo neno lao lina uzito. Mimi nimeishi, na sikuwa tayari kuutupa uzito huo nikiwa na miaka sitini na sita, hata kwa ajili ya ndugu yangu. Nilimwambia hivyo Wilf. Akageukia ukutani.

Ukumbini, wakili wa Crayle, Bi Ferris, alikuwa amezipanga kadi za Krismasi mezani kwa mistari, moja baada ya nyingine, kila moja na picha ya ndege wake mwenye kifua chekundu na theluji yake. Aliniuliza kwa upole nilipozaliwa, tulikopita, mara ngapi kwa juma. Kisha akasema:

"Na katika miaka yote hiyo, Bwana Pask, wewe mwenyewe hukuwahi kuomba ruhusa?"

"Niliwahi. Mara moja."

Kiti kililia nyuma yangu. Doris Amble, aliyekuwa akipika ile jamu, akasema kwa sauti iliyosikika ukumbi mzima, "Mungu wangu, Edwin, si ungekaa tu nyumbani."

"Sina swali jingine," akasema Bi Ferris, akaketi.

"Sijamaliza kujibu," nikasema.

Mkaguzi aliyeendesha baraza, mtu wa makamo aliyekuwa na mafua, alinitazama juu ya leso. "Wakili ametosheka, Bwana Pask."

"Mimi sijatosheka. Nimeapa kusema ukweli wote, na hadi sasa nimesema nusu yake."

Akapenga kamasi, akaniashiria niendelee.

Nikawaeleza. Ilikuwa Septemba ya mwaka 1931, siku yangu ya kwanza kwenda shuleni. Nilivaa sare mpya na kofia iliyonishinda kichwa. Baba alikuwa nyuma yangu akisukuma sanduku langu kwa mkokoteni, kwa kuwa basi lilisimama kanisani. Pale lilipo geti la Crayle leo palikuwa na mwanya mtupu katika ua, na Kanali Denholm alikuwa amesimama pale juu ya farasi wake. Akaitazama sare yangu, akasema, "Kijana, waungwana huomba." Nikavua kofia. "Naomba kupita, Kanali." Akatabasamu, akasema, "Pita." Nikapita nikiwa nimevimba kwa fahari, kwa kuwa nilikuwa nimeitwa muungwana.

Baba alikuwa amesikia. Akauweka mkokoteni chini.

"Rudi."

"Baba, basi litatuacha."

"Litakuja jingine kesho. Rudi ulikotoka, upite tena, na mdomo umeufunga."

Nikapita. Akasema tena. Nikapita mara saba, tope likinifika kwenye soksi mpya, na Kanali akitazama kutoka juu ya farasi. Mwishowe akasema, "Pask, unamfundisha mwanao utovu wa adabu."

"Namfundisha kutembea, Kanali. Adabu atafundishwa shuleni."

"Nitakushtaki."

"Nishtaki. Kesho saa hizihizi nitakuwa hapahapa, usihangaike kunitafuta."

Siku iliyofuata tulipita kwa wakati uleule, wala hatukumwona mtu. Mashtaka hayakuja kamwe. Nilifika shuleni nikiwa nimechelewa siku moja, nikachapwa viboko sita. Nilikuwa na barua ya baba kwa mkuu wa shule. Mkuu aliitia muhuri wa tarehe, akaihifadhi, akanirudishia siku nilipomaliza. Nikaitoa mfukoni nikamsomea mkaguzi:

"Mheshimiwa, mwanangu amechelewa. Aliomba njia ambayo ni yake na ya kijiji kizima, ikabidi airudie mara saba bila kuomba, mbele ya Kanali Denholm, ambaye hakuweza kutuzuia. Mwadhibu kwa kuchelewa. Kwa kupita, usimwadhibu. J. Pask, fundi magurudumu."

Bi Ferris aliomba aione. Aliisoma mara mbili, akaigeuza akautazama muhuri, kisha akairudisha mezani taratibu. Toka tarehe ya muhuri ule hadi kadi ya kwanza ni miaka ishirini na mmoja.

Jioni ile nilimsimulia Wilf. "Kwa hiyo umeapa mbele ya serikali kwamba baba alikuwa mkaidi," akasema. "Hilo nalo lilihitaji baraza?" Lakini alikuwa amenigeukia.

Uamuzi ulifika Aprili, nao ulikuwa wetu. Wilf hakuusubiri. Alifariki tarehe tisa Februari, kufuli likiwa bado mahali pake.

Tulimbeba sita, na kasisi mbele. Tope lilikuwa limeganda likawa gumu kama tofali. Getini tulimkuta Crayle amevaa koti jeusi, ufunguo mkononi.

"Poleni sana," akasema. "Mimi si mtu mbaya, Bwana Pask. Niambie tu, nifungue."

"Hilo ndilo nisiloweza kukuambia."

"Ni neno moja."

"Nalijua. Nililisema mwaka 1931."

Kasisi akaninong'oneza, "Edwin, kaka yako yuko mabegani mwetu. Mwache mtu afungue."

"Akifungua kwa kuwa njia si yake, tutapita," nikasema, na sikunong'ona. "Akifungua kwa kutuhurumia, aurudishe ufunguo mfukoni."

Crayle hakufanya lolote kati ya hayo mawili. Basi tukaliegemeza jeneza juu ya geti, watatu wakaruka upande wa pili, nasi tukalisukuma polepole, mbao zikikwaruza rangi mpya ya chuma.

"Angekuwa hai," akasema Percy, mumewe Doris, akihema, "angetuuliza kama tunashusha gunia la viazi."

"Angekuwa hai angekuwa huku anasukuma," nikamjibu.

Wakili wetu aliniambia baadaye kwamba hata ningeomba siku ile, kesi isingeharibika, maana ushahidi ulikuwa umeshafungwa. Nilimshukuru kwa maelezo. Sikuwa nikifikiria kesi.

Nilikuwa wa mwisho kuruka, na goti langu la kushoto ni bovu. Crayle alininyooshea mkono anishike. Nilipanda peke yangu, nikashuka peke yangu. Nikiwa tayari upande wa pili nilimvulia kofia, nikamshukuru kwa mkono alioutoa. Kwa ajili ya njia, sikumshukuru.