Mashine Isiyolia

Mashine ya kusaga unga pale Mjambere ilikuwa na sauti yake, na asiyeijua sauti hiyo basi hakuwa mtu wa Mjambere. Miaka hiyo ya themanini wenye mashine wa Kisauni walikuwa na mtindo mmoja: mdomoni mwa bomba la moshi walifunga mkebe wa bati uliotobolewa, injini ikiwaka mkebe unalia tu-tu-tu mtaa mzima. Mwanamke yuko jikoni kwake, anasikia, anajua ni mashine ya nani, anajitwika mahindi yake huyoo. Kila mkebe ulitobolewa kivyake. Wa Ngala, kule ng'ambo ya barabara ya Malindi, ulikoroma. Wa Bi Mwanarusi, kwenye mashine aliyoiendesha Kombe, ulikuwa na sauti nyembamba ya kujidai, na Kombe mwenyewe alijidai nao.

Lakini raha hiyo ilikuwa ya waliokaa mbali. Waliokaa karibu walikula moshi. Bomba lilitokea ukuta wa nyuma, maana Bi Mwanarusi hakutaka wateja wapulizwe usoni, na kulipandisha juu haikuwezekana kwa ajili ya paa la makuti. Basi moshi wote mweusi wa dizeli ulimwagika uani, na uani ndiko kulikokuwa na chumba alichopewa Kombe pamoja na kazi. Humo alishinda mkewe, Jumwa. Mtoto wao mmoja, Nzai, walikuwa wamempeleka Ganze kwa nyanyake. Jumwa naye aliambiwa aende, akakataa katakata. Alimuuliza mumewe ni nani atakayempikia, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mwaka wa nne wa kukaa uani hapo, kifua kikambana Jumwa. Hakikuwa kikohozi cha mafua, kilikuwa kile cha kuinama na kushika ukuta. Daktari wa dispensari hakumung'unya maneno: ni moshi, na mama huyu akiendelea kuuvuta hatamaliza mwaka. Dawa aliyoandika ilikuwa ya kutuliza tu. Kombe aliogopa. Mwanamume mzima, ambaye akiizungusha hendeli mara moja tu injini inawaka, kesho yake aliishika hendeli hiyo akaiweka chini tena.

Aliyemwokoa Jumwa, au tuseme aliyedhaniwa amemwokoa, ni Phineas, fundi wa injini aliyewahi kufanya kazi machimboni. Phineas alimweleza kwamba kule chini ya ardhi injini haiachiwi kutema moshi ovyo. Hupitishwa kwenye maji, masizi yakabaki humo, watu wakapumua. Akaja Jumapili, akabadilisha nozeli iliyochoka, akasafisha filta ya hewa iliyokuwa imeziba kwa unga, kisha wakalipinda bomba wakalitumbukiza kwenye pipa la maji lenye kifuniko kilichotobolewa. Mkebe wakautoa. Mashine ikawaka, maji yakabubujika, na kilichotoka juu kilikuwa mvuke na harufu kidogo. Siku ya pili maji yalikuwa meusi tititi. Jumwa aliyaangalia sana, akauliza kama yote hayo yalikuwa yakienda kwake.

Kombe akawa anabadilisha maji kila siku ya pili, na wiki ya tatu mkewe alifagia uani mwanzo mpaka mwisho bila kupumzika. Akafua shuka nyeupe, akaianika, akaianua nyeupe. Wallahi, mtu mzima Kombe alikaribia kulia kwa furaha.

Sasa tatizo. Mashine imekuwa bubu. Ukisimama mlangoni unaisikia ikinguruma, ukienda hatua mia hakuna kitu. Wanawake wa Mjambere wakasema mashine ya Bi Mwanarusi imekufa, wakavuka barabara kwa Ngala. Kombe alituma salamu nyumba kwa nyumba kwamba anasaga. Waliitikia vizuri sana, halafu wakasikia mkebe wa Ngala, wakaenda kwa Ngala. Hawakuwa na ubaya, ni mazoea tu: kwao kusaga kulianzia masikioni.

Bi Mwanarusi akaja mwenyewe, na buibui lake na upole wake. Kombe alimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza hali ya Jumwa, akamshukuru Mungu, kisha akasema lililomleta.

"Kombe mwanangu, nakuonea imani, na mkeo namuonea imani. Lakini mashine isolia haina kazi. Ama ilie, ama nifunge mlango."

Kufunga mlango maana yake ni kufunga na chumba.

Hapo ndipo Kombe alipojitia ujanja. Aliwaza: nitaurudisha mkebe, ilie asubuhi tu, kidogo, niwaite watu, halafu bomba nalirudisha majini. Alimweleza Jumwa naye akakubali. Lakini watu wa mkebe ni watu wa mkebe. Mwanamke yuko njiani na kapu kichwani, anasikia sauti imekatika, anasema loo, dizeli imekwisha, anageuza. Kombe aliwaona kwa macho yake wakigeuzia kwenye kona ya msikiti. Basi nusu saa ikawa saa. Saa ikafika adhuhuri. Kila alipoongeza alikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa nzuri. Maji ya pipa yakaanza kukaa wiki bila kubadilishwa, maana hayakuwa yakichafuka.

Na Jumwa? Jumwa alikuwa mzima. Ndivyo Kombe alivyowaambia watu. Usiku, mashine imelala, alikohoa mara mbili tatu akalala. Asubuhi alimpa mumewe chai, akamcheka kwa unga uliomjaa nyusi. Alikonda, ndiyo, lakini nani hakukonda mwaka ule. Kombe alijiambia kwamba yale majuma ya pipa yalimtibu mkewe moja kwa moja. Alitaka kuamini, akaamini.

Ramadhani ikaingia. Unga wa mchele, unga wa uji, foleni mpaka barabarani. Kombe alimwambia mkewe kwamba mkebe utabaki mpaka Idi tu, inshallah, kisha pipa litafanya kazi siku nzima. Jumwa alisema sawa.

Kumi la mwisho la mwezi, baada ya alasiri, foleni imejaa, mashine inalia kwa kujidai kwake kote, ghafla injini ikapiga chafya mbili ikazimika. Uchafu kwenye dizeli. Ukimya ukaangukia watu. Na ndani ya ukimya huo, nyuma ya ukuta, mtu alikuwa akikohoa.

Hakuwa ameanza wakati huo. Alikuwa katikati. Kikohozi kilikuwa kirefu, cha mtu aliyejiachia kwa sababu anajua hasikiki, kikapanda, kikakwama, kikatafuta hewa, kisha kikakatika ghafla, maana naye aliusikia ukimya. Wanawake kwenye foleni wakatazama chini. Kombe alielewa palepale, pasipo kuambiwa na mtu. Kila siku, tangu mkebe urudi, Jumwa alikuwa akikibana kikohozi chake usiku kucha na asubuhi, akingoja mashine ilie, ndipo akohoe.

Alizunguka uani. Jumwa alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, ameuziba mdomo kwa leso, na leso ilikuwa na weusi na wekundu. Kombe alipiga magoti. Alisema analirudisha bomba majini sasa hivi, sasa hivi, Mama Nzai, na Idi na Bi Mwanarusi wote wangoje. Jumwa alitikisa kichwa. Akasubiri mpaka pumzi ikamrudia kiasi cha kusema.

"Iwashe kwanza, Baba Nzai. Kingine kinakuja, na watu wote wale watanisikia."

Kombe alimtazama machoni akaona hatanii. Alirudi ndani, akatoa uchafu kwenye mrija wa dizeli, akashika hendeli. Aliizungusha mara moja haikuwaka, ya pili ikawaka. Mkebe ukalia Mjambere nzima, mama mmoja akasogeza kapu lake mbele, na Kombe akammiminia mahindi yake ndani ya mashine.