Kidole cha Kapteni

...kidole tu, wanasema, kama vile kidole ni kitu cha kuazima, kalamu wameshanipa, karatasi iko mapajani, na huyu nesi Mkenya, Hannah, ameniinamia, "Mzee Marhoon, weka tu sahihi hapa chini, ama ukishindwa tutumie wino na gumba"... nishindwe! mimi niliyekuwa nikiandika majina ya kumi na mmoja wa Zanzibar kila tulipokwenda kucheza kriketi na Kenya, na Uganda, na Tanganyika, la kwanza langu, kapteni, na nani angeniuliza... sukari imekila, kasema daktari, kimekufa, na kweli ni cheusi, hakiumi tena, lakini ni hiki cha shahada, cha kulia, ndicho kilichousokota mpira, ukigusa mkeka tuliotandika uwanjani unapinda, mpigaji akigeuka vijiti vyake vimelala, hapa ubavuni mwake pana sugu, miaka arobaini na tatu halijatoka, kofia yangu ilibaki Unguja, picha zilibaki, tulikimbia mapinduzi na nguo za mwilini, na hapa Maskati nikisema nilikuwa kapteni watu wananijibu mashallah kama wanavyomjibu mtoto aliyesema kaona simba, basi mimi huwaonyesha sugu... wakikikata nitaonyesha nini?

"Baba, nnakuomba," Kheiria huyo, binti yangu, kasimama dirishani, kila asubuhi anaendesha gari toka Al Amerat kuja kubembeleza jiwe, "siku kumi na moja unatuzungusha, leo kidole, kesho mkono mzima, wallahi"... kumi na moja, ndiyo, mkaidi mimi, nilikuwa mkaidi Kampala vilevile, mwaka hamsini na sita, Uganda wamebakiwa na mtu wa mwisho, wanataka mikimbio kumi na minane washinde, mpira mkononi mwangu, bega limekwisha, ninarusha ovyo, na Amur, mrushaji wetu mwingine, kasimama pale, mkono wake wa kushoto haujachoka, "Nipe, Kapteni, nipe hata ova moja, mipira sita tu"... nikajifanya sisikii, ndio ubaya wa kapteni anayerusha, mwingine akichoka kapteni humtoa, yeye akichoka hana wa kumtoa ila nafsi yake, nami peke yangu nilikwisha kuwaangusha wapigaji sita, nilimtaka na huyu wa mwisho awe wa saba wangu, iandikwe, nikarusha na kurusha mpaka wakafika, tukashindwa watu kumi na mmoja kwa uroho wa mmoja, na Amur hakunilaumu, alinibebea mkoba hadi garini, afadhali angenitukana...

"mkono mzima, Baba," analia, huyu aliyezaliwa hapa hapa Maskati, hajaniona nikirusha hata mpira mmoja, Kampala haijui, mkeka haujui, na sugu kwake ni kitu kilichomkwaruza shavu nilipomfuta machozi utotoni... basi anamlilia nani? si kapteni, kapteni hamjui, ananililia mimi, nami nimeung'ang'ania mpira tena, mzee mzima, sina haya... la, safari hii singoji kuombwa tena, kalamu naibana kwa gumba na cha kati, inashikika, tazama, "Pole pole, mzee, hakuna haraka," anasema Hannah, ipo haraka, mama, ipo, nilichelewa mara moja ikatosha, usilie Kheiria, kesho nitakushika kwa vidole vinne, na utajua ni mimi.