Boksi la Sifael

Tangu Sifael azikwe ilikuwa imepita miaka sita, na Bibi Hanna alikuwa amesahau mengi yake bila majuto: kukoroma, ubishi, na ile kofia iliyofikia kunuka kama beberu. Lakini asubuhi moja alijikuta hakumbuki mumewe alitembeaje. Akabaki kitandani na kiatu kimoja mkononi. Picha alikuwa nazo, ya harusi, ya kitambulisho, na ile ya kwenye jeneza ambayo ukoo mzima uliipenda isipokuwa yeye. Katika zote Sifael amesimama au amelala. Hakuna hata moja ambamo alikuwa anakwenda mahali.

Mjukuu wake Nice, aliyekaa naye pale mtaani Elerai, alikuwa na kazi ambayo kwa macho ya majirani ilikuwa kuangalia televisheni. Ofisi yao ya Njiro ilimpa video za mbio. Programu ya kompyuta ilikuwa imeshamchorea kila mkimbiaji boksi la rangi, lenye namba yake, na boksi lilimfuata huyo mtu popote alipokwenda kama mwanakondoo aliyelelewa kwa chupa. Tabu ilikuwa pale wakimbiaji walipopishana. Programu ilichanganyikiwa, ikampa huyu namba ya yule, na Nice akawa wa kusahihisha.

Bibi Hanna alikaa kando akimenya ndizi. Kufika siku ya tatu alikuwa fundi kuliko programu na mjukuu kwa pamoja.

"Nice, huyo namba saba anakimbia na miguu ya namba kumi na mbili."

"Umejuaje, Bibi, na wote wamevaa sare moja?"

"Sare naiangalia ya nini? Wa saba hukanyaga kama anaogopa kuamsha mtoto. Huyu anakanyaga kama mwenye nyumba."

Nice akarudisha video nyuma. Kweli.

"Na mtu akipita nyuma ya mti, haonekani, hii mashine inafanyaje?"

"Inamsubiri sekunde moja. Asipotokea inamfuta. Akitokea baadaye inamhesabu ni mtu mpya."

"Sekunde moja," Bibi Hanna akasema, akachukua ndizi nyingine. "Haikulelewa vizuri."

Ndipo akamweleza haja yake. Mwaka tisini na moja Sifael alikimbia mbio za kutoka Usa River hadi mjini, akawa wa tatu, akapewa blanketi. Bibi Hanna hakuwepo. Alikuwa kijijini Kikwe kwa mama yake, ametoka kumzaa mtoto wao Bariki. Sifael alimfuata siku ya pili na blanketi begani na kitambaa cha namba 31 mkononi, na tangu hapo akaisimulia mbio ile miaka yote, na kila mwaka aliowaacha nyuma wakaongezeka. Rafiki yake Gerson alikuwa akija kila Krismasi, anauliza, "Shemeji, blanketi bado lina joto?" Wanaume wale wawili walicheka mpaka wakafuta machozi, na Bibi Hanna akadhani ni pombe, ile mbege ya ndizi.

Mjini kulikuwa na Hemant, mwenye studio ya picha, na baba yake ndiye aliyepiga video siku ile, amekaa nyuma ya pikapu. Hemant akatafuta kwenye kanda za marehemu baba yake, akaipata, akamhamishia Nice kwenye flashi.

Siku ya kuitazama, Bibi Hanna alitoka chumbani amevaa gauni la kanisani.

"Unakwenda wapi, Bibi?"

"Siendi. Kuna mtu anakuja."

Nice akaiagiza programu imfuate mwenye namba 31 kifuani. Boksi la kijani likaruka, likamkamata mwanamume mrefu mwembamba katikati ya vumbi, likaenda naye. Bibi Hanna akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Akarudi nyuma taratibu.

"Huyo si Sifael."

"Namba ni yake, Bibi. Angalia kitambaa."

"Kitambaa ni chake. Miguu ni ya Gerson."

Na katika kuikataa miguu ya Gerson, akakumbuka. Sifael alikanyagwa na ng'ombe ujanani, na mguu wake wa kulia ulikuwa ukienda nje kwanza kabla ya kwenda mbele, kama anafukuza kuku mlangoni. Akakumbuka kwa akili, ila macho hayajashiba. Boksi la kijani likazidi kukimbia na mtu ambaye siye.

"Labda siku hiyo hakuwepo," Nice akasema kwa sauti ya chini.

"Sifael akose mahali penye watu?" Lakini mikono ilikuwa imeanza kulikunja gauni magotini. "Mbona wa pembeni hawana maboksi?"

"Nimeiambia iwaache watazamaji. Inafuata wanariadha tu."

"Iambie iache ubaguzi."

Nice akabofya. Maboksi yakaota barabara nzima: akina mama wenye mikungu, polisi, mzee juu ya baiskeli, hata jogoo mmoja akapewa lake. Na karibu na Tengeru, ukingoni mwa mtaro, boksi la bluu lilikuwa likikimbia sambamba na Gerson. Ndani yake mwanamume mwenye koti la Jumapili, mkono mmoja umebeba ndala za Gerson, mwingine umeshikilia suruali nyuma, kwenye makalio. Mguu wa kulia ukienda nje kwanza.

Bibi Hanna akaonyesha kwa kidole pale mkono uliposhika makalio.

"Jipu," akasema. "Alikula amesimama kwa mama siku tatu. Akasema mwanariadha hakai ovyo."

Nice alijaribu kutocheka, ikamshinda.

"Zaidi ya miaka thelathini nalalia blanketi la Gerson. Na Gerson naye ameshakufa, nitamgombeza nani?"

"Umekasirika, Bibi?"

"Sana. Rudisha nyuma nimkasirikie tena."

Wakarudisha mara tano. Zilikuwa sekunde kumi na moja tu. Katikati Sifael alipita nyuma ya lori lililoegeshwa, na kila alipotokea upande wa pili programu ilimpa boksi jekundu na namba ngeni.

"Huyo si mtu mpya. Mrudishie namba yake."

Nice akaziunganisha namba mbili zikawa moja. Sifael akapita nyuma ya lori, akatoka akiwa yuleyule, akakimbia mpaka mwisho wa picha, akatoka nje ya kioo. Boksi likabaki pale alipotokomea, tupu, kisha likazimika.

"Hiyo sekunde moja nani aliipanga?"

"Naweza kuibadilisha, Bibi."

"Basi ongeza."

"Niweke ngapi?"

"Kwani inachoka kusubiri?"

Nice akaandika tisa, na tisa nyingine, akaendelea mpaka nafasi ikajaa. Wakaicheza tena. Sifael akaja na jipu lake na ndala za mwenzake, akapita lori, akatoka kiooni. Pikapu ikasonga, Gerson akashika nafasi ya tatu ya Sifael, watu wakapiga makofi. Pembeni mwa kioo boksi la bluu lilibaki, halina mtu, halizimiki.

Bibi Hanna akanyoosha kola ya gauni lake, akasogeza kiti.

"Bandika chai," akasema. "Yangu iache kwanza. Nitakunywa akishafika."